Tope Likishatulia

Ukichota ndoo ya maji kwenye Mto Katuma, mkoani Katavi, mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea, utayakuta yana rangi ya chai ya maziwa. Yaweke kivulini, uyatazame. Dakika moja haijaisha, mchanga umeshashuka. Ukitumbukiza mkono unausikia ukikwaruza chini ya vidole. Baada ya saa chache, juu ya mchanga huo kumetanda tabaka laini la kahawia. Kisha kazi inasimama. Kesho asubuhi maji bado yana ukungu, kesho kutwa ni vilevile, na mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba maji ukiyaacha yatulie yatajisafisha yenyewe anabaki kushangaa. Mambo yote yamo katika ukubwa wa chembe. Punje ya mchanga yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita hushuka kina cha ndoo, kama sentimita 30, kwa muda usiofika dakika moja. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita inahitaji karibu siku nne kushuka kina hichohicho. Iliyo ndogo kuliko hiyo mara kumi inahitaji zaidi ya mwaka mzima, tena kwa sharti kwamba ndoo isiguswe, upepo usivume, na jua lisiyapashe maji joto hata yakaanza kuzunguka ndani kwa ndani. Hakuna nyumba Mpanda, wala popote, inayoweza kungoja hivyo.

Chembe hizo ndogo hazizuiwi na wepesi wake peke yake. Karibu zote zimebeba chaji ya umeme ya aina moja, chaji hasi, kwa hiyo kila zinapokaribiana husukumana. Zingegusana zingeshikana, zikawa nzito, zikazama, lakini hazigusani. Hapa ndipo shabu inapofanya kazi yake, ile shabu ya dukani inayouzwa kama vipande vya barafu visivyoyeyuka kwa joto. Shabu ni chumvi ya alumini. Ikiyeyuka majini hutoa chaji chanya inayovunja uhasama kati ya chembe, na papo hapo hutengeneza utando kama wa ute unaozinasa. Ukichukua bonge la shabu ukalizungusha ndani ya ndoo mara kadhaa, ukalitoa, kisha ukaendelea kukoroga taratibu, utaona jambo ambalo kila anayejali maji anapaswa kulitazama walau mara moja. Ukungu unaanza kukatika. Vinatokea vibonge vyepesi kama maziwa yanayoganda, vinashikana, vinakua, na unapoacha kukoroga vinaanza kuteremka vyote pamoja kama vumbi linalorudi chini baada ya lori kupita. Nusu saa baadaye, saa moja ukipenda, sehemu ya juu ya ndoo imekuwa nyeupe na chini limelala tope la unene wa kidole. Kukoroga mwanzoni ni lazima, na kuacha kukoroga ni lazima vilevile. Anayekoroga bila kukoma huvivunja vibonge alivyovitengeneza mwenyewe. Asiyekoroga kabisa anaiacha shabu yake ikae mahali pamoja bila kukutana na uchafu.

Mlonge hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Mbegu zake, zikimenywa na kutwangwa, zina protini yenye chaji chanya, na wanawake wa vijiji vya Sudan walizitumia kusafishia maji ya Mto Nile kabla Samia Al Azharia Jahn hajaanza kuzichunguza kisayansi katika miaka ya 1970. Baadaye zilijaribiwa katika mtambo wa maji wa Thyolo, kusini mwa Malawi, zikaonyesha kwamba zinaweza kufanya kazi ya shabu si katika ndoo tu bali katika mtambo unaohudumia mji. Zina kasoro moja ambayo wanaousifia mlonge kama dawa ya kila kitu wangefaa kuitaja: mbegu huacha majini masalia ya mmea wenyewe, na masalia hayo ni chakula cha vijidudu. Maji ya mlonge ni ya kutumiwa siku hiyohiyo. Si ya kuwekwa mtungini hadi Jumapili.

Sasa, je, maji yaliyokuwa meupe yamekuwa salama? Hapana, na kuna tukio la kukumbukwa katika historia ya afya ya jamii linalothibitisha hivyo. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika kitongoji kimoja cha London, daktari John Snow alifuatilia vifo hadi kwenye pampu ya mtaa wa Broad Street. Pampu ile ilipendwa. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia mbali na mtaa ule aliipenda ladha ya maji yake kiasi kwamba aliagiza aletewe chupa nyumbani, akayanywa, akafa. Jicho lake lisingeweza kumwonya. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kwa haki: ikiwa weupe wa maji hautuhakikishii chochote, kwa nini tuhangaike na shabu, badala ya kutia klorini moja kwa moja tukamaliza? Jibu ni kwamba klorini haichagui. Ikikutana na tope, majani yaliyooza na kinyesi cha mifugo, hujimaliza kwa vitu hivyo kabla haijakifikia kijidudu, na kijidudu chenyewe hujificha ndani ya chembe ya udongo kama mtu aliyejibanza nyuma ya ukuta. Ndiyo maana maelekezo ya dawa za maji za nyumbani huagiza dozi mara mbili kwa maji yenye ukungu, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe yamechujwa na kuwa maangavu kabla ya kutiwa dawa. Mpangilio ndio unaookoa: kutuliza, kuchuja, ndipo kutia dawa na kungoja nusu saa. Anayeanza na dawa anatumia fedha yake kuosha matope.

Kuchemsha kunaua vijidudu hata katika maji ya tope, na asiye na shabu wala klorini achemshe bila kusita. Ila kila sufuria inayochemka inadai kuni au mkaa, na katika mkoa ambao mkaa wake unatoka kwenye miombo ya milimani, mti uliokatwa leo ili kuchemshia maji machafu unayafanya maji ya masika ijayo yawe machafu zaidi. Sisemi hili kumlaumu mama anayechemsha. Nalisema kwa sababu linatufikisha kwenye hoja yenyewe.

Hoja yangu ni hii: hakuna njia ya kusafisha maji inayoliangamiza tope. Zote hulihamisha. Tope lililokuwa limetapakaa ndani ya ndoo sasa limelala chini ya ndoo. Hata mwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake, awe Masaki au Nairobi, hana njia nyingine. Maji yake yakichafuka hutia shabu jioni, huzima pampu usiku kucha ili maji yasitikisike, na asubuhi mhudumu hufyonza kile kilichozama na kukimwaga nje, kwa uangalifu mkubwa asije akakitimua upya. Mtambo wa maji wa mji hufanya vivyo hivyo kwa matangi makubwa. Maji husafishwa na utulivu, na kila mahali palipotulia maji, tope hubaki hapo. Basi swali la kwanza si jinsi ya kuyafanya maji yawe meupe. Swali ni mahali gani tumeamua pabebe tope, na pana uwezo wa kulibeba kwa muda gani.

Katavi ina jibu lililoandikwa ardhini. Katuma hushuka kutoka vilima vya upande wa Mpanda ukiwa na haraka na mzigo, hupita Sitalike, kisha huingia katika uwanda wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Hapo ardhi inalala. Maji ya masika yanatapakaa kwenye nyasi, yanajaza Ziwa Katavi ambalo kwa miezi mingi ni mbuga tu yenye matope, yanasogea polepole hadi Ziwa Chada, kisha yanatoka kwa jina jingine, Mto Kavuu, kuelekea Ziwa Rukwa. Mgeni huja pale kutazama viboko waliobanana kwenye madimbwi ya kiangazi na nyati wanaotembea kwa makundi. Mimi ningependa atazame pia kile ambacho nyasi zinafanya. Maji yakipita katikati ya mashina maelfu kwa maelfu hupunguza mwendo, na maji yakipunguza mwendo huangusha mzigo. Uwanda wa Katavi ni tangi la kutulizia maji lenye ukubwa ambao hakuna serikali ingeweza kulijenga, na limekuwa likifanya kazi hiyo bila mshahara tangu kabla ya mtu yeyote kuchora ramani ya mkoa.

Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, umewekwa kati ya maziwa mawili ambayo yakilinganishwa yanaeleza suala lote. Magharibi, kule Karema na Ikola, ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, maji yake yakiwa maangavu kiasi kwamba siku tulivu jicho linafika mbali chini. Kusini mashariki ni Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, lenye kina cha mita chache tu, maji yake daima ni ya ukungu. Maziwa yote mawili hupokea mito yenye tope. Ila katika Tanganyika chembe ikizama imezama. Iko chini sana, mawimbi hayaifikii. Katika Rukwa kila upepo mkali unalifikia shapo na kulirudisha juu. Ziwa lenye kina kifupi ni ndoo inayotikiswa kila siku. Kwa hiyo kila tani ya udongo inayofika huko hufanya zaidi ya kuchafua maji ya mwaka huo: hupunguza kina, na kina kikipungua ndivyo upepo unavyozidi kupata nguvu ya kuchafua.

Mabwawa ya kuchimba yana hali hiyohiyo, isipokuwa umri wake ni mfupi. Bwawa la Milala, lililo karibu na mji wa Mpanda, ni moja ya vyanzo ambavyo mji umevitegemea, na kwa kanuni ya utulivu kila bwawa ni mtego wa tope kabla ya kuwa ghala la maji. Tanzania ina ushahidi wa zamani kuhusu hili. Mwaka 1972 watafiti wakiongozwa na Anders Rapp walichapisha vipimo vya mabonde manne karibu na Dodoma, likiwemo la Bwawa la Ikowa lililojengwa katika miaka ya 1950, wakaonyesha kwamba mashapo yalikuwa yanayajaza mabwawa hayo kwa kasi ya kuyamaliza ndani ya miongo michache. Wajenzi walikuwa wamehesabu maji. Udongo unaokuja pamoja na maji haukupewa uzito uleule. Bwawa likijaa tope halifyonzwi asubuhi kama lile la kuogelea. Kuchimbua shapo la bwawa zima ni gharama ambayo mara nyingi inazidi ile ya kujenga jingine, na jingine nalo litataka bonde jipya, watu wahamishwe, na hesabu ianze upya.

Tope hilo linatoka wapi? Si lote ni kosa la mtu, na ni vizuri kulisema kabla ya kunyoosha kidole. Mto wa nchi yenye masika makali utabeba udongo hata pasipokuwa na jembe. Kiboko mmoja akijigeuza kwenye dimbwi la Ikuu mwezi Septemba anachafua maji kuliko kijiji. Lakini kuna hesabu nyepesi ambayo kila mkulima anaweza kuifanya. Hekta moja ikipoteza milimita moja tu ya udongo wake wa juu, unene ambao jicho halitauona, imepoteza mita za ujazo 10, yaani zaidi ya tani 12. Hayo ni karibu malori mawili ya tani saba, yameondoka usiku mmoja wa mvua, na yalichokibeba ni ule udongo mweusi wenye mbolea. Shamba la mahindi au tumbaku lililolimwa kwa kufuata mteremko, njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja hadi mtoni, mlima uliokatwa miti kwa ajili ya mkaa na ya kukaushia tumbaku, mialo ya kuoshea mawe ya dhahabu karibu na makarasha: kila kimojawapo ni mdomo uliofunguliwa juu ya mto. Kwenye mialo kuna jambo la ziada, kwamba shabu huondoa chembe. Haina uwezo huo kwa vyote vilivyoyeyuka. Maji ya karibu na mahali panapotumika zebaki hayafai kunywewa hata yang'ae vipi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Watu wengi huichukulia kama sheria ya kuwalinda viboko dhidi ya wakulima, na wanauliza, kwa uchungu ninaouelewa, kwa nini mita zenye rutuba kuliko zote ziachwe majani. Ningewajibu kwa ndoo. Mita 60 za majani na vichaka ndizo shabu ya mto. Maji ya mvua yakitoka shambani yakakutana na ukanda huo hupunguza mwendo, huangusha mchanga kwanza, kisha udongo mlaini, na kile kilichoangushwa kinabaki upande wa mkulima. Ukanda ukilimwa, tope la shamba zima linaingia mtoni bila kizuizi, na aliye chini atalinunua kwa shabu, kwa mkaa na kwa tumbo la mtoto wake.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la haki. Nani atabeba gharama? Katika milima ya Kondoa, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa kwa amri mwaka 1979. Uoto ulirudi, makorongo yaliyokuwa mekundu yakafunikwa na nyasi na miti. Lakini wafugaji walipoteza mbolea, maziwa na akiba yao kwa siku moja, na wengine walihamisha ng'ombe wao wakaenda kula ardhi ya wengine. Wasukuma na wafugaji wengine waliofika Katavi kwa miongo ya karibuni wanajua vizuri jinsi ng'ombe anavyosukumwa kutoka wilaya hadi wilaya. Kulisukuma tatizo la udongo kwa kuwasukuma watu ni kulihamisha tope kwa njia nyingine. Sioni ushindi katika kuisafisha Katuma ikiwa mchafuko unapelekwa kwenye mto wa jirani.

Kuna njia isiyomfukuza mtu. Tazama majaruba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese. Mkulima wa mpunga analaumiwa, na wakati wa kiangazi lawama ina msingi, kwa kuzuia maji ambayo viboko na vijiji vya chini vinayasubiri. Ila kuhusu tope jaruba ni rafiki: ni tangi dogo la kutuliza maji, lenye tuta pande zote nne, na kile kinachotua ndani yake ni mbolea ya msimu ujao. Mkulima wa mlimani anaweza kufanya kitu cha jamaa hiyo kwa matuta yanayokatiza mteremko badala ya kuufuata, kwa mistari ya nyasi kila baada ya hatua kadhaa, kwa birika la kunyweshea ng'ombe lililojengwa mbali na ukingo. Hakuna kati ya hivyo kinachomnyima shamba. Vyote vinafanya kazi moja, kuyafanya maji yapunguze mwendo yangali kwa mwenye udongo, ili tope litue mahali ambapo lina thamani. Udongo uleule ni utajiri ukiwa shambani na ni gharama ukifika kwenye tangi.

Wapo wanaosema tungoje maji ya Ziwa Tanganyika, yavutwe kwa mabomba hadi Mpanda, na habari ya Katuma itakuwa imekwisha. Mji unayastahili maji hayo na yaje haraka. Hata hivyo bomba la mji halitafika kila kitongoji cha Mlele na Mpimbwe, na ziwa lenyewe si ndoo isiyo na mwisho. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba pale ambapo miteremko ya pwani ya Tanganyika imekatwa misitu, tope linalofunika mawe ya ufukweni huambatana na upungufu wa aina za samaki na viumbe wengine. Kilindi kitabaki cheusi na kitulivu. Ufukweni, ambako ndiko watu wanachota na samaki wanazaliana, tope linafika kwanza.

Mpaka hayo yote yatendeke, jioni hii kuna ndoo mlangoni na watoto wana kiu. Zungusha shabu, koroga taratibu, acha, usiitikise. Maji meupe yakishapatikana, yachote kwa kata kutoka juu, uyapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, utie dawa, ungoje nusu saa. Usiinamishe ndoo hadi tone la mwisho. Vidole vitatu vya chini viache. Hayo mabaki usiyamwage kwenye mfereji wa barabarani unaorudi mtoni. Yamwage mbali na kisima, kwenye shina la mgomba, yakauke hapo.